Nipe Mji: Maadui wa Batman Waliopita Mbio

Kitendawili!

Najua huko uliko umeshaitika. Uwe jikoni unamenya viazi, uwe umebanwa kwenye daladala na mkoba wa mtu mgongoni, ukisikia neno hilo mdomo unajibu kabla akili haijafika. Na sheria yake unaikumbuka: ukishindwa, unatoa mji. Bibi yangu alikuwa mgumu sana katika biashara hiyo. Ukimpa Korogwe anakataa, anasema ameshafika na hakupewa hata maji. Ukimpa Bagamoyo anafikiri kidogo. Ukimpa Mombasa anakubali, anaingia kwa vigelegele, anapikiwa pilau, anatembezwa mitaa yote, na wewe umekaa mkekani na aibu yako ukingoja amalize ziara ndipo akupe jibu.

Nimeanzia huko, msikilizaji wangu, kwa sababu jioni hii nataka kuzungumzia tamthilia ya Kimarekani iliyofunguliwa na mtu mwenye tabia za bibi yangu, ila yeye nia yake ilikuwa mbaya. Tarehe 12 Januari 1966 kituo cha ABC kilirusha sehemu ya kwanza ya Batman, na adui wa kwanza kabisa kujitokeza alikuwa Riddler, mtega vitendawili, ndani ya nguo za kijani za kubana zilizotapakaa alama za kuuliza. Frank Gorshin alimwigiza kwa kicheko cha kupanda na kushuka kama mtu anayetekenywa na jini, mpaka akateuliwa kuwania tuzo ya Emmy. Riddler anatega, Batman na Robin wanategua, na mji unaogombewa ni Gotham.

Lakini huyo leo namwacha. Yeye na wenzake watatu, Joker, Penguin na Catwoman, wamesifiwa mpaka sifa zimechakaa. Ninaowataka ni wale waliopewa mji kwa siku mbili, wakaonja pilau, kisha wakaambiwa gari limefika.

Kwa vijana wanaonisikiliza, futeni kwanza kichwani yule Batman wa sinema za siku hizi, mwenye sauti ya mtu aliyemeza kokoto. Batman wa Adam West anatembea mchana kweupe, anafunga mkanda wa gari kabla ya kuwafukuza majambazi, na anamwonya Robin kuhusu kazi za shule kwa sauti ya mwalimu wa zamu. Ngumi ikitua, maandishi makubwa ya rangi yanalipuka kwenye skrini. Kila kitu ni mzaha, ila hakuna mhusika hata mmoja anayejua kwamba ni mzaha, na hapo ndipo utamu ulipo. Mtayarishaji mkuu, William Dozier, alikuwa pia ndiye sauti ya msimulizi, na mimi kama mtu wa redio namwonea wivu waziwazi. Jumatano usiku, Batman na Robin wananaswa katika mtego wa kutisha. Dozier anaingia kwa sauti ya mnadi aliyeona nyumba inaungua, anauliza kama huu ndio mwisho wao, kisha anakuambia urudi kesho, saa ile ile, kituo kile kile. Alhamisi wanajinasua.

Sisi tuliolelewa na vibanda vya video tunaijua sheria ya mambo haya: steringi hafi. Unaweza kumtupa ghorofani, kumzamisha, kumfunga kwenye reli, steringi hafi. Basi kama steringi hafi, na kila Alhamisi ni ya kwake, kitu gani kinakuweka kitini? Ni adui. Kwenye tamthilia ya namna hii adui ndiye anayebeba mzigo wote. Unataka kujua ni nani, anataka nini, na nini kilimuuma hadi akavaa nguo zile.

Mimi nilijifunza hilo kwa njia ya taabu. Miaka ya nyuma jamaa yetu mmoja alirudi kutoka Toronto na mikanda ya VHS aliyorekodi kutoka kwenye televisheni, pamoja na matangazo yake ya sabuni. Mkanda mmoja ulikuwa na sehemu ya Jumatano ya hadithi ya Bookworm. Mwishoni Robin yuko juu ya mnara, amefungwa kwenye ulimi wa kengele kubwa, na saa sita ya usiku inakaribia kugonga. Msimulizi akaanza kupiga kelele zake, picha ikatetemeka, ikawa mchele mtupu. Jamaa alikuwa amerekodi mpira juu ya Alhamisi. Kwa hiyo mimi nimekua, nimemaliza shule, nimeoa, na Robin bado yuko kwenye kengele. Tamthilia hii haikutoka rasmi kwenye diski mpaka mwaka 2014, kwa sababu ya mvutano mrefu wa haki, na ndipo nikaiona Alhamisi yangu. Robin aliokolewaje, sikusimulii. Nilichogundua ni kwamba miaka yote ile sikuwa nikimngojea Robin.

Nilikuwa namngojea Bookworm. Yaani mchwa wa vitabu. Aliigizwa na Roddy McDowall, ambaye wengi wenu mnamfahamu bila kuijua sura yake, maana ndiye yule sokwe msomi Cornelius katika Planet of the Apes ya mwaka 1968. Katika Batman alitokea Aprili 1966. Amevaa suti ya ngozi ya rangi ya jalada la kitabu cha zamani, miwani mikubwa, na kwenye kofia yake kuna taa ndogo ya kusomea. Anasoma kitabu kizima kwa muda ambao wewe na mimi tunatafuta miwani. Mitego yake yote inatoka vitabuni, na mmojawapo ni kitabu cha mapishi chenye ukubwa wa nyumba, ambamo Batman na Robin wanaingia wenyewe kisha wanafungiwa na kuanza kupikwa kwa mvuke.

Hadi hapo ni mzaha wa kawaida. Ila Bookworm ana kidonda. Amesoma kila kitu kilichoandikwa, na hawezi kutunga hata kisa kimoja cha kwake. Kila wazo linalomjia kichwani lina mwenyewe. Uhalifu wake wote ameuazima kwenye kazi za watu wengine, na yeye anajua. Mtu akimgusa hapo, akimwambia tu kwamba si angeandika riwaya yake, anabadilika. Ule upole wa mkutubi unaondoka, uso unakaza, na kitabu kilichokuwa mkononi kinanyanyuliwa kuwa silaha. Ni sekunde chache tu. McDowall anaziigiza kana kwamba yumo kwenye tamthilia nyingine, yenye uzito zaidi, na kwa zile sekunde hakuna anayecheka. Kisha anajirudi, anaweka miwani sawa, mzaha unaendelea.

Aliyewahi kukaa mbele ya karatasi nyeupe usiku wa manane anaujua uso ule. Mtayarishaji wa kipindi hiki ananitazama kupitia kioo sasa hivi, naye ana yake moyoni.

Sasa nikuulize: ukishampata mtu wa namna hiyo, na mwigizaji wa namna hiyo, unamfanya nini? Unamrudisha. Unampa hadithi ambayo anajaribu kuandika kitabu chake mwenyewe na anaiba mtunzi. Unamkutanisha na Riddler, wagombane juu ya nani ana akili. Wao hawakufanya kitu. Bookworm alipewa Jumatano moja na Alhamisi moja. Katika sehemu 120 za tamthilia nzima, yeye ana mbili.

Hesabu yenyewe inaeleza mengi. Msimu wa kwanza ulikuwa na sehemu 34. Msimu wa pili, ulioanza Septemba 1966, ulikuwa na 60. Sitini! Ni kama mama lishe aliyezoea wateja ishirini, siku moja linashuka basi zima la msiba. Hapo hupiki tena, unapakua. Na wakati huohuo mastaa wa Hollywood walikuwa wameshaona kwamba kuwa adui wa Batman ni heshima, kila mmoja anataka nafasi, watoto wake wamuone. Kwa hiyo mambo yakageuka. Badala ya kuanza na adui kisha kumtafutia mwigizaji, walianza na mwigizaji kisha wakamshonea adui. Milton Berle, mchekeshaji mkubwa wa televisheni ya Marekani, alishonewa Louie the Lilac, jambazi la suti ya zambarau linalotaka kuhodhi maua yote ya mji ili liwatawale vijana wanaopenda maua. Sina ugomvi na marehemu Berle. Ila Louie alirudi. Muuza maua karudi, mchwa wa vitabu hakurudi.

Siri nyingine ni ratiba. Gorshin alipokosekana katika msimu wa pili, hadithi iliyoandikwa kwa ajili ya Riddler ilifanyiwa marekebisho na kupewa adui mpya, Puzzler, akaigizwa na Maurice Evans, mtu wa jukwaa la Shakespeare. Bwana mkubwa yule amesimama pale ndani ya kanzu iliyopimwa kwa mwili wa mwingine, anajitahidi kuijaza kwa beti za Shakespeare, na mabega bado yanapwaya. Mzaha wa dunia ni kwamba Evans naye alikwenda kuwa Dakta Zaius katika ile ile Planet of the Apes. Sinema ya nyani iliwatendea watu hawa haki kuliko Batman.

Nimpitie kwa haraka Minstrel, mwimbaji wa mitaani mwenye zeze la kizungu, aliyeigizwa na Van Johnson. Huyu anaingilia mitambo ya soko la hisa la Gotham ili bei zisomeke atakavyo. Mwaka 1966! Leo mtu wa namna hiyo angekuwa na msimu mzima peke yake, na sisi tungemwogopa kweli. Alipita mara moja.

False-Face ananiuma zaidi. Sura Bandia. Alikuja Machi 1966, na kazi yake ni moja tu: kuwa mtu mwingine. Ana barakoa ya plastiki inayopenyeza mwanga kidogo, na chini yake unauona mdomo halisi ukicheza, pole pole, kama samaki chini ya maji machafu. Tamthilia ile inang'ara kuliko duka la peremende, na katikati yake kuna kitu hiki ambacho mtoto hawezi kukitazama sana. Jumatano anawanasa Batman na Robin kwa gesi ya mashine ya kuuza pipi, wakizinduka wamegandishwa kwenye reli za treni ya chini ya ardhi. Na wakati wa kuonyesha majina ya waigizaji, jina lake halipo, kuna alama ya kuuliza. Ilibidi ungoje mwisho wa Alhamisi ndipo uone kwamba ni Malachi Throne.

Hapo walikuwa na dhahabu mkononi. Batman mwenyewe ni mtu wa barakoa, kila asubuhi anaamka Bruce Wayne, tajiri mpole, anadanganya hadi shangazi anayeishi naye nyumba moja. Adui pekee ambaye angeweza kumwuliza swali hilo uso kwa uso, wewe na mimi tofauti yetu ni nini, ni False-Face. Hakuuliza. Alishikwa, akapelekwa jela, hakuonekana tena. Watu wale walipoteza swali zuri kuliko yote waliyokuwa nayo kwa sababu ilikuwa Alhamisi na nusu saa imekwisha.

Mr. Freeze ana kesi ya aina nyingine. Huyu hakunyimwa nafasi, alitokea mara tatu, ila kila aliporudi alikuwa mtu mwingine. Kwanza George Sanders, Mwingereza wa sauti ya hariri. Kisha Otto Preminger, mzaliwa wa milki ya Austria, muongozaji mashuhuri wa filamu, upara na nyusi za kutisha. Mwishowe Eli Wallach. Waigizaji watatu, mtu mmoja, na kila mmoja alianza upya kana kwamba mwenzake hakuwahi kuwepo. Ndoa ya mitala ya adui.

Na huyu ndiye aliyekuwa na hoja. Katika hadithi ile, ubaridi wake ulitokana na Batman. Siku ya kukamatwa, kemikali za kugandisha zilimwagika mwilini mwake, na tangu hapo hawezi kuishi ila katika ubaridi mkali kuliko jokofu lolote. Hawezi kuota jua. Hawezi kushikwa mkono. Toleo la Sanders lilipata namna ya kuonyesha jambo hilo ambayo bado naistaajabia: maskani yake imegawanywa kwa rangi, sehemu yenye mwanga wa samawati ni baridi, sehemu yenye mwanga mwekundu ni joto. Wapambe wake wanatembea kwenye wekundu, yeye kwenye samawati. Wanaongea, wanapanga wizi, wamo chumba kimoja, na hawawezi kusogeleana. Fundi wa taa alimwelewa mtu yule kuliko waandishi.

Deni hilo Batman hakuwahi kulipa, wala kudaiwa sawasawa. Ilibidi tungoje mpaka 1992, katuni ya Batman ya televisheni, Paul Dini alipomwandikia Freeze mke mgonjwa aliyegandishwa akingojea tiba. Sehemu ile moja ilishinda Emmy. Jina lenyewe Mr. Freeze ni zawadi ya tamthilia ya 1966, maana vitabu vya katuni vilimtoa mwaka 1959 kwa jina la Mr. Zero na baadaye vikaiga televisheni. Walimpa jina, walimpa jeraha, wakasahau kumpa hadithi.

Sasa nisogee kwa Mfalme wa Saa, Clock King, na hapa naomba uvumilivu wako kwa sababu adui mwenyewe si kitu sana. Ni Walter Slezak, mnene mchangamfu, Oktoba 1966, anawafungia Batman na Robin ndani ya shisha kubwa ya mchanga, ile ya kupimia wakati, mchanga unawateremkia kichwani. Alikuja mara moja. Kinachonisimamisha ni majina ya waandishi: Charles Sinclair na Bill Finger.

Bill Finger ndiye aliyekaa na Bob Kane mwaka 1939 wakati Batman anazaliwa. Kane alikuwa na mchoro. Finger akapendekeza vazi liwe jeusi na kijivu, mabawa magumu yawe joho, barakoa ifunike kichwa na macho yawe meupe matupu. Jina Bruce Wayne lilitoka kwake. Gotham, mji huu tunaougombea tangu tulipoanza kipindi, ni yeye aliyeuita hivyo. Lakini mkataba ulikuwa wa Kane, na kwa miaka mingi kila kitabu, kila sinema, kila sanduku la chakula cha mtoto liliandikwa Kane peke yake. Finger alifariki mwaka 1974. Kampuni ilitangaza kumtambua rasmi mwaka 2015, miaka 41 baadaye.

Kwa hiyo ukitazama sehemu zile mbili za Clock King, usimtazame Slezak. Tazama mwanzoni, majina yanapopita. Mtu aliyekuwa nusu ya baba wa Batman anaandikwa pale kama kibarua mmojawapo wa wiki, kwa hadithi ya saa na mchanga, na ni moja ya mara chache sana ambazo jina lake lilitokea pamoja na Batman yeye akiwa hai. Bookworm hakuweza kutunga na alitaka jina. Finger alitunga, jina likaenda kwa mwingine. Hakuna aliyewaza kuwakutanisha.

Msikilizaji ataniambia, lakini Egghead je? Kweli, Vincent Price na lile fuvu la yai hawakutupwa, walirudi katika msimu wa tatu. Na Egghead ndiye pekee aliyepata mji kwa maana ya bibi yangu hasa: Gotham ilikuwa imepangishwa na kabila la Wamohikani, kodi ni ngozi tisa za rakuni kila miaka mitano, na Egghead anahakikisha kodi haifiki ili ardhi imrudie chifu, naye chifu amkabidhi yeye. Wazo zuri, lenye ukweli mchungu wa Marekani ndani yake, likaharibiwa na chifu aliyechorwa kwa dhihaka ambayo leo haichekeshi. Nampenda Price, ila yai ni yai. Alikuwa na vichekesho mia na uchungu sifuri, na ziara ya pili haikuwa na jipya.

Mfalme Tut ndiye ananipa ushahidi. Huyu hakutoka kwenye vitabu vya katuni, televisheni ilimzaa yenyewe. Ni profesa wa Yale, mtaalamu wa mambo ya kale ya Misri, mtu mpole kabisa, aliyepigwa kichwani katika vurugu za wanafunzi akazinduka akiamini kuwa yeye ni farao Tutankhamun na Gotham ni Thebes yake. Akipigwa tena anarudi kuwa profesa, amejaa aibu, anaomba radhi. Victor Buono alimwigiza mara tano na hakuna hata moja iliyochosha. Misri yenyewe ni ya mbao na rangi ya dhahabu, na Mwafrika anaweza kununa kidogo, ila anayechekwa pale ni msomi wa Kimarekani na ndoto zake. Kila anapotokea unajua ndani ya lile jitu lenye kilemba cha mistari kuna mwalimu anayetaka kurudi nyumbani. Katika hadithi yake ya mwisho, mwanzoni mwa 1968, anachimba madini chini ya nyumba ya Bruce Wayne na anatokeza katikati ya pango la Batman. Anaona gari, anaona mitambo, anaelewa kila kitu. Kisha anapigwa kichwani, anakuwa profesa, na anasahau.

Kwa maana hiyo uwezo walikuwa nao. Walipotaka kumpa adui watu wawili ndani ya mwili mmoja na kumrudisha mara tano, waliweza.

Ndiyo maana sielewi habari ya Two-Face. Huyu alikuwepo vitabuni tangu 1942: mwanasheria wa serikali, nusu ya uso imeunguzwa, anaamua mema na mabaya kwa kurusha sarafu. Hakuonekana hata mara moja. Harlan Ellison, mtunzi wa hadithi za kubuni za kisayansi, aliandika muhtasari wa sehemu yake na haikupigwa. Uso ule huenda ulikuwa mzito kwa saa ya watoto, sijui kwa nini basi waliruhusu mdomo wa False-Face. Kisa cha Ellison kilitolewa kama kitabu cha katuni mwaka 2014. Mwaka 2017 wakatengeneza filamu ya vibonzo, Batman dhidi ya Two-Face, William Shatner akitoa sauti ya adui na Adam West mwenyewe ya Batman. West alifariki tarehe 9 Juni mwaka huo. Filamu ilitoka Oktoba.

Na nisipomtaja Eartha Kitt nitapigiwa simu. Catwoman tulimzoea kwa Julie Newmar, aliyemfanya Batman apoteze pumzi mbele za watu. Msimu wa tatu nafasi ikaenda kwa Kitt, mwanamke mweusi kutoka South Carolina, mdogo wa umbo, mwenye sauti inayonguruma kwenye herufi ya r kama paka aliyeshiba. Angalia kwa makini jinsi hadithi zilivyobadilika: mahaba yale kati ya Batman na Catwoman yamepotea, wanatazamana kama karani na mdaiwa. Ni Marekani ya 1967, na kila mtu pale studioni alijua kwa nini. Kitt akaujaza utupu ule kwa ukali, akawa adui hasa, mwenye nia, na akapewa sehemu chache tu. Januari 1968 alialikwa chakula cha mchana Ikulu ya Washington, akamwambia mke wa Rais Johnson waziwazi anavyofikiri kuhusu vijana kupelekwa Vietnam. Kazi nchini mwake zikakauka kwa miaka, akawa anaimba Ulaya. Machi 1968 Batman yenyewe ikazimwa. Kituo cha NBC kilitaka kuichukua, kikakuta pango la Batman limeshabomolewa.

Fundi mitambo ananionyesha vidole viwili, kwa hiyo nimalizie na mtu wangu.

Roddy McDowall alirudi. Ilikuwa katika ile ile katuni ya miaka ya 1990 iliyompa Freeze mke wake. Alikuwa mtu mzima sasa, na safari hii hapakuwa na suti ya ngozi wala kofia ya taa, kulikuwa na maikrofoni kama hii iliyo mbele yangu na karatasi mkononi. Alipewa sauti ya Mad Hatter, mtengeneza kofia mwendawazimu, mtu mpweke anayeishi ndani ya kitabu kimoja cha watoto na anayezungumza kwa maneno yake. Adui mwingine asiye na hadithi yake mwenyewe. Mara ya kwanza kuisikia sauti hiyo nilikuwa chumba cha pili, napiga pasi, televisheni imewashwa kwa ajili ya watoto. Niliweka pasi chini. Shati lile ninalo hadi leo, lina alama ya kahawia mgongoni.